Mkono Chini ya Taa

Mzee Hango, mlinzi wetu wa lango la nje, alinipigia simu saa tatu na nusu asubuhi.

"Eliwaza, kuna bibi hapa. Amekuja kwa miguu."

"Kwa miguu kutoka wapi?"

"Kutoka juani," alisema, kana kwamba jua ni kijiji cha jirani. "Hayupo kwenye orodha yangu. Nimemwambia arudi kesho, amenitazama tu. Nimemwambia tena, amekaa chini."

Nilikwenda hadi pazia la tatu. Mlango wa Kivulini, makazi yetu, una mapazia matatu meusi, mazito, na mtu kama mimi haruhusiwi kuvuka la tatu kabla jua halijazama. Kati ya la kwanza na la tatu kuna ukumbi mrefu ambamo macho ya mgeni huzoea giza taratibu. Nilisimama upande wangu nikasikia fimbo ikigonga sakafu, ikatulia, ikagonga tena.

Kilichotangulia kutokeza ni kofia, kofia pana ya ukindu iliyoshonewa kitambaa pande zote. Chini yake kulikuwa na ngozi kama yangu, ya mtu mwenye ualbino, ila hii jua lilikuwa limeila kwa miaka sabini na zaidi. Mikono ilikuwa na magamba kuanzia viwiko hadi vidoleni. Sikio la kushoto lilifunikwa kwa kipande cha kanga kilichoganda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye taa?"

"Mimi ni mtunza taa. Naitwa Eliwaza."

"Mimi Sesilia. Gari limeniacha njia panda, nikakatiza mashamba ya alizeti. Nimesikia mna taa inayokula kidonda na kumwacha mtu."

Nilitabasamu. "Ndivyo inavyotakiwa, bibi."

"Inavyotakiwa," alirudia, akivua kofia. "Sikuuliza inavyotakiwa."

Daktari Mukhandi alimpima. Ni mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mweusi wa kung'aa, ambaye kila jioni hutoka nje na kwenda nyumbani kwake huku bado kuna jua, na kila asubuhi hurudi kwetu ananukia vumbi na majani. Alibandua kanga polepole kwa maji ya chumvi. Kidonda kilikuwa na upana wa kifungo cha shati, kingo zimeinuka.

"Hakijazama," alisema baada ya kupitisha kipimo. "Milimita mbili, bado ni ngozi tu. Ukikaa mwezi mwingine kitaingia kwenye gegedu, na huko taa haifiki. Utakuwa ni mkasi, na sikio lote. Na hii mikono, bibi, haya magamba yote ni saratani inayojiandaa."

"Basi iwahini kabla haijamaliza kujiandaa," alisema Bibi Sesilia.

Damu yake ilionyesha ini zima na figo nzima. Daktari alitia sahihi, nami nikaenda kuchanganya kikombe.

*

Kikombe ni asidi ya aminolevulini, unga mweupe ambao ukiwa mkavu unaweza kuudhani chumvi. Mwili wa kila mtu unaitengeneza kidogo kidogo ili kupata wekundu wa damu. Ukimpa mtu nyingi kwa mkupuo, seli zake zinaigeuza kuwa rangi, na seli za saratani, kwa sababu ya pupa yao, hukusanya rangi hiyo kuliko wenzao na hushindwa kuitoa. Rangi hiyo gizani haina neno. Ikipigwa na mwanga mkali ndipo inapoichoma seli iliyoibeba.

Mimi sinywi kikombe. Mimi ni mtu wa mbegu. Nilipokuwa na miaka sita niliwekewa tumboni bakteria waliofugwa maabara, ambao hutoa asidi hiyo tone kwa tone, siku zote, bila kukoma. Kila Ijumaa tunasimama mbele ya taa dhaifu kwa dakika ishirini, na saratani inayotaka kuchipua hufa kabla hatujaijua. Nina miaka ishirini na sita na kisu hakijawahi kunigusa. Mama yangu alikufa akiwa na thelathini na moja, shingo imeoza. Kwa upande mwingine, jua la dakika tatu linanibabua kama maji ya moto, na hakuna mafuta ya kujipaka yanayozuia, maana mwanga unaotuchoma sisi ni ule ule ambao watu huonea njia. Kwa hiyo watu mia nne tunaishi chini ya turubai moja jeusi, na soko letu, na shule yetu, na kanisa na msikiti vinavyotenganishwa na kibaraza. Watoto wetu wanachora alizeti kwa kuhadithiwa.

Bibi Sesilia alinusa kikombe.

"Kunywa chote, bibi. Ni chachu, nimetia ukwaju."

Alikinywa kwa mikupuo mitatu, akakishusha. "Ukwaju umeshindwa," alisema.

Nilimpeleka kwenye chumba cha kungojea. Kina vitanda viwili, balbu moja iliyofifia kama mshumaa, na mlango wa chuma unaotoka moja kwa moja nje, wa kutumia moto ukitokea. Nilimweleza kama ninavyowaeleza wote: tutangoja saa nne rangi ijae, anaweza kusikia kichefuchefu, presha inaweza kushuka akisimama ghafla, na kuanzia sasa hadi kesho kutwa asionane na jua hata kwa bahati mbaya.

"Kwenye taa kunauma?"

"Kunauma, bibi. Siwezi kukudanganya. Watu wanasema ni kama kumwagiwa pilipili kwenye jeraha halafu mtu akapuliza. Ukiumwa, piga kelele tu. Hapa hakuna anayecheka. Juzi fundi cherehani wetu alimtukana daktari hadi ukoo wake wa tatu, na baadaye wakanywa chai pamoja."

Hakucheka. Alikuwa akipapasa foronya ya kitanda cha pili, upande wa ukutani.

"Matalena alilala kipi?" aliuliza.

Nilikishikilia kikombe kitupu kama kimejaa.

"Mjukuu wangu," alisema. "Mliniletea sanduku lake na barua. Barua nimesomewa mara nne. Inasema ini lilishindwa. Ini la msichana wa miaka kumi na tisa ambaye hakuwahi kuonja hata togwa iliyolala ikachacha."

"Bibi, kwa nini hukusema pale langoni?"

"Ningesema langoni mngenipa kiti na chai na maneno laini. Nilitaka kwanza ninywe alichonyweshwa yeye. Na kidonda si cha kuazima, ninacho kweli." Alikaa kwenye kitanda cha ukutani, ambacho ndicho hasa alicholalia Matalena. "Sasa nimekunywa. Niambie."

Nilimwambia ninakwenda kumwita daktari.

*

Daktari Mukhandi alikuwa akinywa uji. Nilipomwambia bibi yule ni nani, kijiko kilibaki hewani.

"Ameshakunywa?"

"Ameshakunywa. Yapata nusu saa."

"Basi leo hapana." Aliweka kijiko chini. "Ngoja siku mbili asidi itoke mwilini. Kesho kutwa nitamweleza mimi mwenyewe."

"Tutamweleza nini? Kwamba ini lilishindwa?"

"Barua ilisema kweli, Eliwaza."

"Ilisema mwisho wake tu, daktari."

Alisugua uso kwa viganja. Sitaki mtu amdhanie vibaya. Huyu ndiye aliyelala sakafuni karibu na kitanda cha Matalena usiku tisa, akimpima joto kila saa, na alipokufa alitoka nje akakaa kwenye jua bila kofia hadi Mzee Hango akaenda kumwinua.

"Sikia," alisema. "Kabla ya kikombe hiki, mkoa mzima tulikuwa tukizika watu wenye ualbino kabla hawajafika arobaini. Kaburi la mama yako umeliona?"

"Sijaliona. Liko juani."

"Samahani. Lakini ndicho ninachosema. Bibi akikasirika akatoka saa hizi na asidi ile mwilini, hafiki njia panda. Na akifika, atasema huko kwamba kikombe kinaua. Watakimwaga. Kila anayekimwaga ana miaka mitano, saba, basi. Hao nao nani atawahesabu?"

Hadi leo sijui kama swali hilo lina jibu. Nilichokuwa nacho ni kitu kidogo zaidi.

"Daktari, mashine yetu ya kipima-rangi bado iko Dar, kwa fundi."

"Bado."

"Kwa hiyo leo tutapima kwa sikio, kama siku ile."

Alisogeza bakuli la uji kando.

"Huyu ndiye aliyemlea. Matalena hakulia, na huyu hatalia. Tutazima saa ngapi?"

"Dakika kumi na tano, nisizidishe."

"Za kumponya au za kumbabua? Hujui. Na mimi sijui. Akijua kilichotokea, labda atatusaidia."

Daktari aliutazama uji wake unaotengeneza utando. "Ukimwambia, umemwambia wewe," alisema mwishowe. "Sikukutuma." Lakini niliposhika mlango aliongeza, kwa sauti ya chini, "Mwambie na jina langu."

*

Nilikaa kwenye kitanda cha pili, tukatazamana, magoti yetu yakikaribia kugusana.

Nilimweleza kwamba tulikuwa na mashine, kipima-rangi, iliyosoma ni rangi kiasi gani imejaa kwenye kidonda na kutuambia dakika za taa. Iliharibika msimu wa mvua wa mwaka jana. Tuliipeleka kutengenezwa, wiki zikapita, na vidonda havikungoja. Tukagundua kwamba wagonjwa wenyewe wanatupa kipimo. Rangi ikiwa imejaa, mwanga unauma. Tukawa tunasikiliza: mgonjwa akianza kulia, tunahesabu dakika tatu, tunazima. Tuliwatibu watu sitini hivyo, wote wakapona. Tulijisifu. Tulisema mtunza taa mzuri hahitaji mashine, anahitaji sikio.

"Na Matalena hakulia," alisema Bibi.

"Hakulia. Dakika ya kumi, hakuna. Ya kumi na tano, hakuna. Ya ishirini. Nilikuwa nyuma ya kioo cha chumba cha taa, na Daktari Mukhandi kando yangu. Tukasema tumbo halikuinyonya asidi, rangi haijafika. Tukampa kikombe cha pili."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile, bibi. Halafu dakika arobaini. Jioni shingo na mikono ilikuwa imevimba na ngozi inatoka. Alitapika usiku kucha. Siku ya tatu macho yakawa ya njano. Kikombe kimoja ini linakivumilia. Viwili, juu ya yale majeraha, havikuvumilika. Siku ya tisa akafa. Ini lilishindwa, ndiyo, lakini sisi ndio tulioliambia lishindwe. Mimi ndiye niliyechanganya kikombe cha pili. Kwa mkono huu."

Alisimama. Presha ilikuwa imeshuka, nikamwona akiyumba, lakini alinizuia kwa fimbo. Alitembea hadi kwenye mlango wa chuma. Chini yake kulikuwa na ufa, na jua la saa sita lilipenyeza pale mstari mwembamba, mweupe, usiozidi upana wa kidole. Alishika komeo.

"Bibi, tafadhali."

"Nyamaza."

"Nitanyamaza. Lakini usifungue. Nichukie ukiwa humu ndani."

Alisimama pale kwa muda ambao sikuweza kuupima. Kidole gumba cha mguu wake kilikuwa kimegusa ule mstari. Niliona kikianza kuwa chekundu, na najua ule moto, ninaujua vizuri sana, lakini yeye hakukiondoa wala hakutoa sauti. Alikitazama tu, kama mtu anayesoma.

"Hivi ndivyo alivyosikia," alisema.

"Zaidi ya hivyo."

Aliondoa mguu. Akarudi kitandani, akakaa, na alipozungumza sauti yake ilikuwa imezeeka.

"Nilipokuwa na miaka saba, watu walikuwa wanatuwinda. Ninyi mmesoma shuleni. Sisi tulikuwemo. Mama alichimba shimo chini ya kihenge cha mtama, akawa anashuka nami humo wakisikika watu wasiojulikana. Mtoto wa jirani, Anjela, alikuwa kama sisi. Alijificha vizuri kuliko mimi. Alikohoa, akalia. Wakamsikia. Kwa hiyo mama alinifundisha. Ukiogopa, ukiumwa na siafu, ukibanwa na mkojo, usitoe sauti. Nibane mkono. Nikawa nabana, naye anabana. Tulilia hivyo saa nzima, watu wanapita juu yetu, hawajui."

Niliinama kumsogelea, na bado nilikuwa sijaelewa anakoelekea.

"Nilipompata Matalena na ngozi ile, nyakati zilikuwa zimebadilika. Najua zilikuwa zimebadilika. Lakini nilimfundisha vile vile. Akianguka, akichomwa sindano, anakuja ananishika mkono, anabana. Hakuwahi kulia kwa mdomo tangu alipoanza kutembea. Majirani wakasema mtoto ana roho ngumu. Haikuwa roho ngumu. Alikuwa analia sana. Alikuwa analia kwa mkono."

Hapo nikaelewa, na natamani ningekuwa nimezaliwa bila kuelewa.

Kabla ya taa, Matalena aliniuliza: "Dada, utanishika mkono?" Nikamwambia ndiyo. Nilisema haraka, kama mtu anavyosema ndiyo kwa mtoto anayeaga. Nilijua sheria: mtunza taa mwenye mbegu haingii chumbani taa ikiwaka, maana mwanga hauchagui. Nilidhani anataka tu maneno ya kumtuliza. Nikaenda nyuma ya kioo. Na kwa dakika ishirini za kwanza, na arobaini za pili, niliuona mkono wake wa kulia juu ya kitanda ukifumba na kufumbua, ukifumba na kufumbua, ukiikunja shuka. Nilimwambia daktari, "Labda anahesabu." Nilisema hivyo. Nilicheka kidogo.

Nilimweleza Bibi Sesilia yote hayo. Nilimweleza hata kucheka. Alisikiliza akiwa amefumba macho, hadi nilipomaliza.

"Mimi ndiye niliyemfunga mdomo," alisema.

"Hapana, bibi. Mdomo wake ulikuwa wake. Sisi ndio tuliofanya kilio kuwa mashine."

"Usinibebee."

"Sikubebei. Nabeba wangu."

Alifungua macho. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti yoyote, bila hata pua kuvuta. Sijawahi kuona mtu akilia kimya namna ile.

Muda mrefu baadaye aliuliza, "Imebaki saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu. Bibi, hulazimiki. Unaweza kukaa gizani siku mbili, asidi ikatoka, ukaenda zako."

"Na kidonda?"

"Kitabaki."

"Nyumbani nina kitukuu," alisema. "Mtoto wa dada yake Matalena. Ana miezi minane, mweupe kama unga. Nani atamlea?" Alijifuta uso kwa kanga. "Atajifunza kupiga kelele, yule. Nitamfundisha mimi mwenyewe, hata kama sijui inavyofanywa. Nitalala chini ya taa yenu. Lakini kulia siwezi. Nimejaribu kwenye mazishi ya watoto wawili, koo halifunguki. Kwa hiyo wewe utanishika mkono?"

Nilijua ni nini hasa ninaulizwa.

"Nitakushika. Na sitauachia mpaka taa izimwe."

*

Saa nane na nusu nilimmulika kwa tochi ya bluu. Sikio liliwaka jekundu gizani, wekundu wa juisi ya rozela, na kwenye mikono yake madoa yaliwaka moja moja, mamia, hadi kwenye kucha. Hili ndilo jambo linalonifanya niipende kazi hii. Ugonjwa uliojificha miaka yote unajitaja wenyewe.

"Pazuri," alisema, akiugeuza mkono wake. "Kama mji unaoonekana kutoka mlimani."

Nilivaa joho la turubai, buti, na kofia ya kioo cheusi. Vipo kwa ajili ya dharura. Daktari Mukhandi alikuwa nyuma ya kioo, mahali pangu, kidole kwenye swichi. Sauti yake ilitoka kwenye spika.

"Eliwaza, toka. Unajua sheria. Ukiungua humo siwezi kukuacha kwenye kazi hii tena, watanitaka niandike ripoti."

"Andika, daktari."

"Angalau vaa glavu!"

Nilikuwa nimezivaa. Ni nene kama soli ya kiatu. Nilimshika Bibi mkono wa kulia, nikamwambia, "Nibane, tujaribu." Nilimwona akikaza mkono, mishipa ikatokeza. Nami sikusikia kitu. Ningeweza kuwa nimeshika kuni. Na mkono wake haukuweza kufunikwa, maana mikono ndiyo iliyokuwa ikitibiwa, pamoja na sikio.

Nilivua glavu ya kulia, nikaiweka sakafuni. Nikapitisha kiganja changu chini ya chake, vidole vyangu vikapanda juu ya kingo za mkono wake. Ulikuwa mkono mkavu, mwepesi, na moto.

"Washa," nilisema.

Taa ina sauti, mvumo kama wa nyuki mbali. Wekundu ulijaa chumbani. Dakika ya kwanza hakuna kilichotokea. Ya pili nilisikia mwasho kwenye vifundo vya vidole. Ya nne mwasho ukawa moto. Nilifikiri: mbegu yangu inatoa tone kwa tone, na hivi ndivyo inavyonichoma, aliyekunywa kikombe kizima yuko wapi sasa? Nilimtazama. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayengoja gari. Kwa sikio peke yake, ningesema hasikii lolote.

Dakika ya sita alinibana.

Haukuwa mbano wa mtu anayeshtuka. Ulianza taratibu, ukapanda, ukapanda, mpaka mifupa yangu ikagusana. Kisha ukalegea, ukaanza tena. Ulikuwa na pumzi, na ulikuwa na kwikwi.

"Daktari, hesabu dakika tatu."

"Hajalia."

"Analia. Hesabu!"

Spika ilikoroma. Kisha nikasikia, "Sawa. Tatu. Nimeanza."

Nami nilimbana. Alipobana nikabana. Ngozi ya vidole vyangu ilianza kuvutika kama maziwa yanayochemka, nikapiga ukelele, sikuweza kujizuia, nikalia kwa sauti kama fundi cherehani, kwa ajili yangu, na kwa ajili ya shuka ile iliyokunjwa. Bibi aligeuza macho akaniangalia. Alibana.

"Mbili," alisema daktari. Baadaye sana, "Moja." Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Eliwaza, mwachie, imebaki kidogo, yatosha!"

Sikumwachia.

Mvumo ulikatika. Giza lilirudi polepole, likiwa na madoa ya kijani, na hewa ikanukia ngozi.

"Imezimwa, bibi," nilisema.

"Nimeona." Alikohoa, kavu. "Unaweza kuniachia sasa, mjukuu wangu."

Nilijaribu. "Vidole vimekataa kufunguka, bibi."

Alijiinua kwa kiwiko, akaleta mkono wake wa kushoto, akavifungua yeye, kimoja kimoja.